Babu, Bosi na Kopo la Mafuta

Fundi alikuwa amefungua na kufunga injini za watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumfundisha namna ya kupaka mafuta. Kwa hiyo binti yake alipobandika karatasi kwenye mlango wa bafu, aliisoma mara moja tu, mikono nyuma, kama anayesoma tangazo la watu wengine.

Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni kidogo, ile isiyo na manukato. Asikae majini zaidi ya dakika kumi. Mafuta ya mgando mara tu akitoka. Kucha fupi. Nguo za pamba.

"Tumeelewana, Baba?" binti yake aliuliza, mkoba ukiwa tayari begani. Alikuwa anarudi shuleni kufundisha baada ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani na mtoto, ambaye ngozi yake ilikuwa kavu na ya kuwashawasha tangu azaliwe.

"Mwanangu, nimefunga gia za malori. Hiki kitoto ndicho kitakachonishinda?"

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne. Fundi alimwita Bosi, kwa sababu alipenda kumsimamia babu yake akifanya kazi, mikono kiunoni, akiuliza lini itakwisha. Tangu Fundi astaafu, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliacha redio ikiongea kutwa ili apate wa kubishana naye. Jumatatu hiyo Bosi alimuuliza maswali yasiyo na idadi kabla ya saa nne, na redio haikuwashwa.

Mchana alimwogesha kama ilivyoandikwa. Ila aliona kuna hatua imesahaulika. Hakuna fundi mwenye akili zake anayepaka grisi juu ya maji. Beringi huoshwa, hukaushwa mpaka ikauke kabisa, ndipo hupakwa. Binti yake alikuwa mwalimu wa historia, angeyajulia wapi haya? Basi akamsugua Bosi kwa taulo toka shingoni hadi vidoleni, kisha akamketisha dirishani robo saa nzima ili upepo umalizie.

"Babu, mimi siyo nguo," Bosi alisema.

"Huo ndio utaratibu, Bosi. Vumilia."

Alipoanza kumpaka, mtoto alijikunja kama jongoo. Viganja vya Fundi vilikuwa vimepasuka kwa kunawa petroli, ili kutoa grisi, miaka nenda miaka rudi, na hata sasa alikuwa hajaacha, maana majirani bado walimletea pikipiki zao uani.

"Mikono yako ina miiba."

"Ni mikono ya kazi hiyo."

Jumatano jioni binti yake alimpandisha Bosi mikono ya gauni, akainama kutazama. Kwenye mikunjo ya viwiko palikuwa pamekuwa pekundu, na alama za kucha zilionekana.

"Baba, sikulaumu," alisema taratibu. "Lakini Ijumaa nikikuta bado hali ni hii, itabidi nimpeleke kwa wifi yangu. Yule amelea wengi."

"Nimefuata karatasi yote."

"Najua, Baba."

Lile "najua" lilimchoma. Lilikuwa la upole mno, la mtu anayemwambia mzee asibebe ndoo. Aliifikiria redio ile jikoni, ikiongea peke yake kutwa. Akaamua kesho atamkausha Bosi maradufu.

Alhamisi asubuhi alisafisha kabureta ya pikipiki ya jirani, akanawa petroli, kisha sabuni na maji bombani. Alipogeuka, Bosi alikuwa amesimama na taulo begani na kopo la mafuta mkononi.

"Lete mikono. Leo nakupaka mimi."

"Subiri nijifute kwanza," alisema, akijisugua viganja kwa shati.

"Mama hafuti hivyo. Anafanya hivi." Akaigusisha taulo kwenye kiganja cha babu yake, pa, pa, kama anayembembeleza paka, akaiacha ngozi bado ina unyevunyevu. Kisha akachota mafuta kwa vidole vinne.

"Maji yatabaki humo ndani, Bosi."

"Eee. Mama anasema tunayafungia mlango yasitoke."

Fundi akampa na kiganja cha pili. Maisha yake yote maji yalikuwa adui wa kufungiwa nje. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu ambacho ndani yake maji ndiyo mwenye nyumba, na mafuta ni mlango tu. Saa moja baadaye alikunja vidole, akavikunjua. Havikukaza kama siku zote. Akaketi kizingitini, akaona aibu peke yake.

Mchana ule hakukuwa na dirisha wala kusugua. Alimgusagusa Bosi kwa taulo, akampaka papo hapo, na viganja vyake vikateleza.

"Unaendelea vizuri," Bosi alimwambia.

Ijumaa alimdaka binti yake mlangoni. "Kabla hujamtazama, nina neno. Nilikosea."

Neno hilo hakuwahi kumwambia mteja yeyote, hata yule aliyerudi akiuliza skrubu tatu zilizobaki ni za wapi. Akaeleza yote. Binti yake alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Robo saa dirishani, Baba?"

"Kama beringi."

Alipojifuta machozi akavitazama viwiko. "Wekundu bado upo."

"Upo," Fundi alikubali, wala hakujitetea.

"Ila hakuna mikwaruzo mipya." Akainua macho. "Na petroli?"

"Nimeacha."

"Leo amenawa," Bosi alisema.

"Mara moja. Ni mazoea tu."

Binti yake alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mipasuko aliyoijua tangu akiwa mdogo kuliko Bosi.

"Jumatatu tutakuwa hapa saa moja kasoro robo," alisema. "Na ukimaliza kumpaka yeye, na wewe unajipaka. Bosi atasimamia."

Fundi akainama kumvalisha Bosi viatu, kimoja kimoja, polepole, ingawa Bosi alikuwa ameshasema mara mbili kwamba anajua kuvaa mwenyewe.