Sauti Yenye Maji

Uvimbe shingoni mwa Flavian ulikuwa umeuzingira mshipa wa fahamu wa upande wa kushoto. Madaktari walipoutoa, mshipa ulikwenda nao. Kwa miezi minane alinong'ona, na kila alichokunywa kilimpalia. Mwezi Mei alipasuliwa tena, akawekewa kipande kidogo cha plastiki kuusogeza uzi wa sauti uliopooza ukutane na mwenzake. Sauti ikarudi. Akaja nayo Msanzi, na kijiji kikasema amepona.

Kalista, mkewe, mwalimu wa hesabu, hakusema hivyo. Mtaalamu wa kumeza alikuwa amemweleza, naye akaandika daftarini: sauti imerudi, ila koo halihisi, kinywaji chepesi kikiingia mapafuni, mgonjwa hatakohoa. Anywe vizito tu, kidevu kifuani, uso kushoto. Akishameza aseme "aaa". Sauti ikitoka kama inachemka ndani ya maji, aache papo hapo. Homa ikifuata, hospitali.

Jumamosi ya pili ya Juni waliletewa posa ya binti yao, Jenifa. Katika ukoo wa Flavian, baba hupokea wageni kwa kuimaliza kata ya kwanza ya pombe ya ulezi bila kupumzika, kisha huipindua. Akimpa mwingine, amemkataa mkwe.

Kalista alitafuta njia. Hakuichuja pombe ya kata ile. Aliiacha na machicha yake, nzito kama uji, akaifunika kwa sahani jikoni. Flavian aliahidi kuinamisha kidevu. Wageni wakidhani anasali, alisema, shauri yao.

Wageni walifika saa sita, watu kumi kwa gari moja. Kalista akiwa nje anawasalimu, shemeji yake Wilibrodi aliingia jikoni kuichukua kata.

Kalista alipomfuata sebuleni, kata ilikuwa tayari mikononi mwa Flavian, naye akaona uso wa pombe ukitikisika. Uji hautikisiki hivyo. Angeweza kusema. Aliwatazama watu kumi, akamtazama Jenifa mlangoni, akasema tu, "Baba Jenifa, kidevu."

Flavian alianza ameinama. Lakini kata haimaliziki kwa kuinama. Nusu ya mwisho aliinywa uso ukitazama bati. Akaipindua. Halikudondoka tone.

Wote walisubiri kikohozi. Hakikuja.

"Mnaona?" Wilibrodi alisema. "Kaka amepona. Hata kukohoa hakohoi."

Tadei, mjomba wa kijana aliyeposa, alisema mkwe mwenye koo kama hilo atawafilisi kwa ulezi. Wakacheka, vigelegele vikapigwa. Flavian akasimama kuwapokea, na kila neno lilikuwa linachemka.

"Sema aaa," Kalista alimnong'oneza.

Alimtabasamia, akaendelea kuzungumza. Alizungumza dakika kumi na moja.

Jikoni Kalista alikuta chujio limejaa machicha, na kando yake birika la maji ya uvuguvugu.

"Ulisahau kuchuja, shemeji," Wilibrodi alisema taratibu. "Machicha mbele ya wakwe? Nikaongeza na maji kidogo iteremke vizuri. Nimekusitiri."

Alikuwa anangoja ashukuriwe. Kalista alimwambia akamtafute dereva. Flavian apelekwe Sumbawanga sasa hivi. Wilibrodi alicheka, kisha akaona uso wake, akaenda. Alirudi na jibu: gari ni la wageni, na wageni hawajala.

Saa tisa kipimajoto kilisoma thelathini na saba nukta nne. Saa kumi na moja, thelathini na nane nukta tatu. Flavian alikuwa amejilaza chumbani na koti lake, akisema hana neno, ni baridi tu, Juni kila mtu Ufipa anatetemeka. Kalista alihesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi: thelathini na mbili kwa dakika. Aliandika.

Kisha akaweka kiganja mgongoni mwake, chini ya bega la kulia. Sebuleni walikuwa wakiimba. Chini ya kiganja, kila alipovuta pumzi, kitu kilichemka.