Nusu Mita Upande wa Mashariki

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mteja aliyewahi kupinga ramani ya Fortunata, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuielewa. Walikuja ofisini kwake mjini Same, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wakaangalia mistari kwenye kioo cha kompyuta, wakatikisa kichwa kwa heshima na kuuliza choo kiko wapi. Akawaonyesha. Wakaondoka.

Mwezi wa Novemba programu yake ya kuchorea ilitoa toleo jipya. Amri za zamani, ambazo Fortunata alizikariri kwa miaka miwili, ziliondolewa. Sasa ukuta ulisukumwa kwa kidole, na milango na madirisha yakaufuata yenyewe. Paa lilijirekebisha. Idadi ya tofali ilijihesabu upya. Ramani ilitumwa kwa simu kama picha ya harusi, na aliyeipokea aliweza kuizungusha, kuingia ndani yake, hata kusimama kiwanjani na kuiona nyumba kupitia kamera, kwa ukubwa wake halisi, kabla tofali moja halijawekwa. Watengenezaji waliandika kwamba toleo hili linaweza kutumiwa na mtu yeyote. Fortunata aliisoma sentensi hiyo kama sifa. Hakuisoma kama onyo.

Mteja wake wa kwanza kwenye toleo jipya alikuwa Mwalimu Asheri wa Vudee, mstaafu, aliyefundisha hisabati kwa miaka thelathini na minne. Alitaka nyumba ya vyumba vitatu kwa ajili ya mama yake, Bibi Dorkas, mwenye miaka themanini na tisa. Nyumba ya zamani ya bibi ilikuwa ya udongo. Masika ya mwaka jana yaliondoka na jiko, na sasa ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa ambao mkono wa mtu mzima uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu aliupima mwenyewe.

"Masika mengine hautavuka," alisema. "Na fundi Kelvin anaanza kuchimba msingi Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Januari. Nikimkosa, anakwenda kwenye kazi ya Mwanga na harudi mpaka Mei."

"Ramani itakuwa tayari tarehe kumi, Mwalimu."

"Na mdogo wangu Elinaza naye aione."

Hilo halikuhitaji kuelezwa. Fortunata mwenyewe alikuwa Mpare wa Suji, na alijua kwamba jambo la ukoo ukimwonyesha ndugu mmoja tu, yule mwingine anaitisha kikao, na kikao kikishindwa linapelekwa baraza la kata, na huko linakaa. Mashamba ya ndugu hao wawili yalipakana, Asheri mashariki, Elinaza magharibi, na mpaka ulikuwa mstari wa masale uliopandwa na baba yao. Ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba nyumba ya mama ikae katikati kabisa, nusu huku na nusu kule. Kwa hiyo tarehe kumi Fortunata aliituma ramani kwa ndugu wote wawili, dakika ileile, ili asiwepo wa kusema aliipata wa pili.

Toleo la zamani lilikuwa na kisanduku cha kuchagua kama mpokeaji anaruhusiwa kuangalia tu au kubadilisha. Kisanduku hicho kiliwachanganya watumiaji. Katika toleo jipya kulikuwa na kitufe kimoja tu, na kilitoa ruhusa zote.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja alifungua ramani ili ahesabu nondo. Nyumba ilikuwa imesogea nusu mita upande wa mashariki. Alidhani ni kosa lake. Akairudisha. Baada ya kunywa chai aliitazama tena. Ilikuwa imesogea nusu mita upande wa magharibi, na sebuleni kulikuwa na ng'ombe.

Toleo jipya liliweka kumbukumbu ya kila badiliko, kwa Kiswahili rahisi. Aliisoma kutoka juu mpaka chini.

*Asheri amesogeza nyumba sm 50 mashariki.*
*Fortunata amesogeza nyumba sm 50 magharibi.*
*Asheri amesogeza nyumba sm 50 mashariki.*
*Elinaza amesogeza nyumba sm 100 magharibi.*
*Elinaza ameweka ng'ombe.*

Alimpigia Elinaza, aliyekuwa mkulima wa tangawizi na mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetutengenezea kitu kizuri sana."

"Mzee, mbona nyumba inasogea?"

"Inasogea? Mimi ninairudisha tu ilipokuwa."

"Na ng'ombe?"

"Nilikuwa natafuta alama ya kufuta. Lakini ametulia hapo, hajasumbua mtu."

Kwa mwalimu jibu lilikuwa refu zaidi na lilikuwa na namba. Nyumba ikikaa katikati kabisa, alieleza, hakuna anayeweza kusema mama anakaa kwake. Ikisogea nusu mita mashariki, asilimia hamsini na sita ya eneo la sakafu inakuwa upande wa Asheri. Watu wakiuliza mama yenu anakaa kwa nani, jibu litakuwa moja.

"Lakini kikao kilisema katikati, Mwalimu."

"Kikao hakikuwa na simu."

Fortunata aliwaza kuwanyang'anya ruhusa. Lakini kumnyang'anya mmoja kungekuwa kesi, na kuwanyang'anya wote wawili kungekuwa kesi mbili. Aliwaandikia ujumbe mmoja, akawaomba waache. Wote walijibu kwa unyenyekevu kwamba wameelewa. Mpaka tarehe kumi na tano nyumba ilikuwa imehama mara arobaini na tatu. Asheri alikuwa ameongeza kabati la vitabu, ingawa mama yake hakusoma kitu kingine zaidi ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Elinaza alikuwa ameongeza bafu la kuogea ukiwa umelala. Choo kilifutwa mara mbili na kurudishwa mara moja. Elinaza alitaka kujua kama kumbukumbu ile inaweza kuchapishwa na kugongwa muhuri.

"Ya nini, mzee?"

"Ya baraza la kata. Nataka waone nani alianza."

Kelvin naye alipiga. Alikuwa amepokea ramani nne, kila moja ikiwa na msingi mahali pake, na alitaka kujua ni ipi.

"Nikifika Jumatatu nikakuta wazee wanabishana, dada, sishushi hata sururu. Gari la kwenda Mwanga lipo."

Jumamosi Fortunata alipanda Vudee kwa bodaboda, akiwa na kishikwambi cha ofisi mkobani na futi ya mita hamsini begani. Aliamua kwamba ndugu wakiiona nyumba kwa ukubwa wake halisi, juu ya ardhi halisi, watatulia. Ni jambo ambalo watengenezaji pia walikuwa wameliahidi.

Bibi Dorkas alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya zamani, akichambua maharage. Ufa wa ukuta wa nyuma ulionekana hata kutoka mbele, kwa sababu mwanga ulipita. Wanawe walisimama kwenye tuta la chini, ngazi ya shamba iliyochongwa mteremkoni, kila mmoja upande wake wa masale, kila mmoja na simu yake mkononi.

"Elekezeni kamera chini," alisema Fortunata. "Subirini kidogo. Sasa inueni."

Wakainua simu zao. Kisha Asheri akacheka taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Njoo uone, Elinaza. Yote iko kwangu. Yote, mpaka baraza."

"Wewe ndiye uje hapa," alisema Elinaza. "Iko kwangu, imevuka hata mfereji. Hata ng'ombe yuko kwangu."

Walibadilishana simu. Kwenye simu ya Asheri nyumba ilisimama katikati ya maharage ya Asheri. Kwenye simu ya Elinaza ilisimama kwenye tangawizi ya Elinaza. Ilikuwa ramani moja.

"Simu haijui mahali iliposimama kwa uhakika," alisema Fortunata. "Inakadiria. Inakosea mita tatu, nne, tano. Kwenye mteremko wenye migomba, zaidi."

"Mita tano," alisema mwalimu.

"Ndiyo."

"Na sisi tunagombania nusu mita."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu aliifikiria hoja hiyo kwa uaminifu wa mtu wa hisabati. "Hata hivyo," alisema, "yangu inaonekana kukosea kidogo kuliko yake."

"Mwenye simu mpya ni mimi," alisema Elinaza.

Bibi Dorkas aliweka ungo chini. "Fortunata."

"Abee, bibi."

"Mlango wa jiko unatazama wapi?"

Fortunata aliangalia kishikwambi. Kwa wiki nzima alikuwa ameifuatilia nyumba ile kwa sentimita, na mlango hakuwa ameutazama hata mara moja. "Leo unatazama ukuta wa tuta, bibi."

"Mimi nataka kuona njia. Wanaoshuka sokoni, wanaokwenda kanisani, nani kapita na nani. Nikitazama ukuta nitakuwa nasubiri kufa tu." Alinyoosha mkono. "Lete hicho. Wanasukumaje?"

"Mama, hiyo ni kazi ya kitaalamu," alisema Elinaza.

"Wewe umeweka ng'ombe sebuleni."

Bibi alifuta kidole kwenye kanga, akakiweka juu ya nyumba, akaisukuma. Nyumba ikapanda. Ikapita masale, ikapita jiwe la kunolea mapanga, ikafika kwenye tuta la juu, ambalo halikuwa la Asheri wala la Elinaza. Aliizungusha polepole mpaka mlango wa jiko ukatazama njia.

"Hapo ni kwa nani?" aliuliza Fortunata.

"Kwangu. Nilinunua mwenyewe kabla huyu mdogo hajazaliwa. Wamelilima miaka ishirini, wamesahau."

Ndugu walitazamana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Fortunata hakuridhika na kidole. Alipanda tuta la juu na futi. Asheri alishika ncha moja, Elinaza nyingine, kwa kuwa hapakuwa na watu wengine. Upana ulikuwa mita tisa na sentimita ishirini, na nyumba ilihitaji saba na nusu. Ardhi ilikuwa ngumu. Maji ya paa yangeshuka kwenye mfereji bila kupita shambani kwa mtu. Kwa kila kipimo palikuwa mahali pazuri kuliko pale pa kikao, na Fortunata, aliyependa kujua makosa yake, alijiuliza kwa nini hakupanda na futi tangu mwanzo.

"Bafu toa," alisema bibi. "Kabati toa. Choo rudisha. Ng'ombe mtoe nje, lakini muache. Sasa nifanyeje isisogee tena?"

Toleo jipya lilikuwa na kufuli: namba nne, na baada ya hapo kila mtu angeweza kuangalia tu. Bibi Dorkas alijifunika kanga kichwani pamoja na kishikwambi, akakaa humo kwa muda, akatoka.

"Basi," alisema. "Na wewe usiifungue bila mimi."

"Sitaifungua, bibi."

Kelvin alianza kuchimba Jumatatu. Alhamisi alikuta mwamba mahali pa kona ya chumba cha kulala, na ukuta, pamoja na dirisha lake, ulitakiwa kuhama sentimita ishirini. Kwa akaunti ya ofisi Fortunata angeweza kulifungua kufuli kwa dakika moja. Alikodi bodaboda.

Bibi alimpa makande kwanza. Sahani ilipoisha ndipo alipouliza.

"Nani amekutuma? Asheri au Elinaza?"

"Mwamba, bibi."

Bibi alikwenda kuuangalia. Aliugonga kwa fimbo mara mbili, akarudi, akajifunika kanga.

Paa lilikamilika tarehe nane Machi, na mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na tisa. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya zamani ulianguka tarehe ishirini na mbili, mchana, wakati bibi amekaa kwenye mlango wa jiko lake jipya akihesabu watu waliokuwa wanarudi sokoni.

Programu inaonyesha pia ni nani ameitazama ramani, na mara ngapi. Asheri na Elinaza huifungua kila asubuhi, mmoja kabla ya saa moja, mwingine muda mfupi baadaye. Fortunata aliwahi kumwuliza mwalimu wanatafuta nini.

"Tunahakikisha," alisema mwalimu.