Mlio wa Glavu

Watu wa mji wetu wa Consuelo wananiita mwenye bahati, nami huitikia asante, maana ukibishana na watu wa Consuelo kuhusu besiboli mtakesha. Kwao, kijana aliyetia sahihi na timu ya Marekani amekwisha kuupa umaskini kisogo. Wakisikia niko mwaka wa nne katika akademi yao ya mafunzo huko Boca Chica, nakula mara tatu, nalala penye kiyoyozi, hakuna anayeuliza kama nacheza. Sichezi. Nadaka.

Nitaeleza mara moja tu. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa barakoa na glavu nene, anapokea mipira ya mrushaji. Akademi ina warushaji kundi zima, na kila asubuhi kila mmoja anataka mtu wa kumdakia. Mechi yenyewe inahitaji mdakaji mmoja. Sisi wengine tunachuchumaa pembeni mpaka magoti yalie, halafu mechi ikianza tunapelekwa benchi kutafuna mbegu za alizeti. Msimu huu mzima nimeshika gongo la kupigia kwenye mechi mara nne, tena timu ikiwa imeshafungwa na watu wanatafuta viatu vyao. Na mkataba hauniruhusu kwenda kwingine mpaka uishe, au mpaka wenyewe waniache. Hawanichezeshi, hawaniachi. Hata punda wa kuazima hurudishwa kwa mwenyewe!

Lakini kwetu neno hilo, kuachwa, halitamkwi ovyo. Anayeachwa huitwa ofisini asubuhi, hukabidhiwa begi lake, na wenzake wakirudi kutoka mazoezini wanakuta godoro tupu. Jina lake halitajwi mezani. Wengine hushindwa kurudi nyumbani kwa aibu, wakaishia kuendesha pikipiki za abiria mjini ambako hawajulikani. Sasa nani angenielewa nikisema kwamba mimi, Eudis Polanco, naomba kila siku niachwe?

Binamu yangu Radhamés alinielewa. Yeye ni kocha wa wapigaji katika timu moja ya Mexico. Jumapili ile alikuja nyumbani, mama alikuwa amepika wali wa mbaazi kwa nazi, na alipoingia jikoni kuchukua kuku, Radhamés aliniinamia.

"Mdakaji wetu kavunjika kidole gumba. Msimu umekwisha kwake. Nimewaambia nina binamu, mkono anao, gongo analo."

"Na wao?"

"Wanakutaka Jumatatu ijayo. Kucheza, Eudis! Kila siku, siyo kupanga chupa za maji."

"Nilishaomba waniache. Nimeomba mara mbili."

"Wakasemaje?"

Nikamsimulia. Nilikwenda kwa Mwalimu Bienvenido, mzee anayetufundisha sisi wadakaji, naye kwanza alicheka: "Umechoka wali wa bure?" Alipoona sicheki, akaacha. "Siyo mimi, mwanangu. Wakubwa hawataki." Nikauliza kwa nini. Alibinua midomo kuelekea uwanjani, alikokuwa akijinyoosha Flaco.

Flaco jina lake la kweli ni Yoendri Sosa, ila tunamwita Flaco, yaani mwembamba, maana akisimama ubavu unamtafuta. Lakini mkono wake wa kulia, wa kurushia, una thamani kwa timu kuliko uwanja wenyewe. Mwaka jana walimpasua kiwiko. Tangu apone hataki mdakaji mwingine ila mimi, na sababu ni mlio.

Mpira ukiupokea mahali pake, pale kwenye mfuko wa glavu chini ya kidole cha kwanza, glavu inalia paa! Ukiupokea kwenye kiganja, unasema pu, kama embe lililoanguka kwenye matope. Mpira ni uleule, kasi ni ileile. Lakini mrushaji haoni kasi yake, anaisikia. Mimi nadaka wote kwa mlio, hata ule wa mvivu, na mrushaji dhaifu hutoka kwangu kifua mbele. Ndicho kipaji changu, na ndicho kitanzi changu.

"Basi mnyime mlio," Radhamés alisema.

"Nini?"

"Alhamisi si wakubwa wanakuja kumtazama? Mdakie kwenye kiganja. Atajiona hana nguvu, atakulaumu wewe, ataomba mwingine. Wakishakuona hufai, watakushikilia wa nini?"

Mama akarudi na kuku. "Mnanong'ona nini ninyi?"

"Namwambia apunguze kula, shangazi. Anakuwa na makalio ya padri."

"Mwache mwanangu ale. Akifika Marekani watampa vyakula vya kwenye kopo." Akanijazia sahani. Mama yangu hushika rozari kwa ajili ya viza yangu tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na bado ananiwekea mshumaa kila Jumanne. Nilikula chote kwa hasira.

Flaco sikumwambia neno. Ni rafiki yangu, tunalala chumba kimoja, alipotoka hospitali ni mimi niliyemfunga kamba za viatu. Lakini ungeanzaje? Ndugu yangu, nakupenda, ila nataka godoro langu likutwe tupu?

Alhamisi wakubwa walikuja wanne, fulana za rangi moja, miwani nyeusi, wamejipaka dawa ya jua mpaka masikio meupe. Mkubwa wao aliitwa bwana Hollis. Walisimama nyuma ya wavu, mmoja kashika ile bunduki ya kupimia mwendo wa mpira. Flaco akapanda kwenye kichuguu cha warushaji, akanipungia.

"Leo usilale, mnene!"

"Rusha wewe, mfupa wa samaki!"

Mpira wa kwanza nikaupokea kwenye kiganja. Pu. Maumivu yalipanda hadi begani, maana mfuko wa glavu una sababu zake. Flaco akainua nyusi. Wa pili, pu. Wa tatu, pu. Akautazama mpira, akaufuta kwenye suruali, akavitazama vidole vyake. Nyuma yangu nilisikia mwenye bunduki akisoma namba, na zilikuwa namba nzuri, bora kuliko za wiki iliyopita. Lakini Flaco yuko mbali, hasikii namba. Anasikia glavu.

Nilingoja aghadhibike. Nilingoja anitukanie mama, aitupe glavu chini, amwambie Mwalimu nileteeni mtu anayejua kazi. Ndivyo tulivyopanga.

Hakufanya hivyo. Alinijia mpaka katikati ya njia, akafunika mdomo kwa glavu.

"Kaka, niambie kweli. Mkono umekufa?"

"Uko sawa."

"Usinifiche. Sisikii kitu."

"Uko sawa, Flaco. Rusha."

Akarudi. Kumbe kosa letu, mimi na Radhamés, lilikuwa hapo. Tulidhani mrushaji asiposikia mlio atamlaumu mdakaji. Flaco hakujua kunilaumu mimi. Alijilaumu mwenyewe, akaanza kusukuma. Mpira uliofuata aliurusha kwa mwili mzima, miguu ikanyanyuka kichuguuni. Pu. Uliofuata alitoa mlio mwenyewe, wa kooni, kama mtu anayebeba gunia. Pu. Akakikung'uta kiwiko. Mwalimu Bienvenido akasogea hatua moja kwenye wavu. Flaco akaligusa kovu lake kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayehakikisha mfuko wake haujaibwa, kisha akapanda tena kichuguuni na nikaona anavyouma meno.

Nilijua mpira ule unaokuja ni wa namna gani. Mtoto wa watu angeurusha mpaka mshipa ukatike, ili tu asikie sauti ambayo nilikuwa nimeishika mimi mkononi.

Nikasimama. Nikaomba muda, nikajifanya nafunga kamba ya kinga ya goti. Nilimtukana Radhamés moyoni, nikamtukana bwana Hollis, nikayatukana magoti yangu. Mexico ilikuwa karibu hivi. Kisha nikachuchumaa na kumwonyesha kwa kiganja: polepole, rahisi.

Akaurusha bila nguvu nyingi. Nikausogezea mfuko wa glavu.

Paa!

Ungeiona sura yake! Mabega yalishuka, akacheka peke yake kule juu. Paa. Paa. Baada ya hapo alirusha kama anayetupia kuku mahindi, na kila mpira niliupokea vizuri kuliko nilivyowahi kudaka maishani, maana nilikuwa nimekasirika na sikuwa na pengine pa kupeleka hasira. Nyuma ya wavu mmoja wa wale wazungu akapiga mluzi.

Bwana Hollis alituita. Alizungumza, Mwalimu Bienvenido akatafsiri. Flaco anapanda daraja, wiki ijayo yuko Florida, Marekani kwenyewe. Kisha yule bwana akanigeukia, akanishika bega.

"Anasema na wewe unakwenda," Mwalimu alisema, bila kunitazama. "Kumdakia yeye."

"Na kucheza?"

Hakutafsiri. Hakukuwa na haja. "Kumdakia, mwanangu. Wanao wa kucheza kule."

"Nikikataa?"

"Utakaa nyumbani mpaka mkataba uishe, na hakuna timu popote itakayokugusa. Hata ya binamu yako." Kumbe alikuwa anajua. Akaniminya mkono na kuondoka na wale wenye miwani.

Simu yangu ilikuwa imeanza kulia. Sijui nani aliwahi kupeleka habari Consuelo, lakini nilipopokea nilisikia kwanza masufuria yakigongwa, kisha mama akilia na kumtaja Bikira, kisha sauti za majirani, Eudis, Eudis, utuletee viatu! Nikasema ndiyo, mama. Nikasema ndiyo, ni kweli.

Flaco alinirukia shingoni nikiwa bado na simu sikioni. Alikuwa amelowa jasho na alikuwa analia.

"Uliona? Mwanzoni niliogopa, nilidhani nimekwisha. Ulijua tu, ukaniambia polepole." Akaniachia, akanitazama usoni kwa furaha ya mtu aliyetunza zawadi kwa muda mrefu. "Sasa nikuambie siri. Mara mbili walitaka kukuacha. Mara mbili, kaka! Jina lako lilikuwa limeshafika mezani. Mimi ndiye niliyekwenda kwa bwana Hollis. Nikamwambia siku mkimwacha Eudis, mimi sirushi tena."

Mama alikuwa bado ananiita kwenye simu. Flaco alikuwa anangoja.

"Asante," nikamwambia.