Safu ya Wavivu

Kazi yangu maabarani ni kuchokoza samaki. Wana siku mbili tangu waanguliwe, wembamba kama kope, nami nawagusa mkia kwa unywele uliogundishwa kwenye kijiti. Mwenye afya huchomoka. Asiyechomoka nilimwandika safu ya mwisho ya daftari: mvivu.

Profesa, mama mpole asiyewahi kunipandishia sauti, aliliona neno hilo Jumatatu, akavua miwani.

"Umejuaje kuwa ni mvivu?"

"Nimemgusa mara tano, hasogei."

"Basi andika hasogei. Uvivu hujauona."

Akanikalisha kwenye darubini. Neva zilikuwa zimetiwa rangi ya kijani. Kwa samaki mzima zilitoka kwenye uti wa mgongo zikateremka hadi kwenye misuli. Kwa yule wangu zilifika nusu njia, zikakoma. Alikosa protini moja tu, ile inayoionyesha neva pa kupita wakati mwili unajengwa. Kichwa kilimwamuru aogelee, amri haikufika.

Nilisema nakwenda kunawa. Nikalia chooni, mtu mzima mimi.

Mdogo wangu tulimwita Kobe. Tuliishi ghorofa ya nne na bomba lilikuwa chini. Kobe akianguka na ndoo yake kwenye ngazi, baba alikuwa akiniuliza mimi niliyekuwa nyuma yake: "Anaumwa au anajifanya?"

"Anadeka tu, baba."

Sikujua ukweli, wala sikuutafuta. Nilichokitaka ni kutobeba ndoo mbili. Baba aliniamini, akachukua fimbo. Ilikwenda hivyo miaka sita, mpaka daktari aliposema ni neva za miguu, alizaliwa nazo hivyo. Fimbo ikawekwa kando, na habari ya ngazi haikuzungumzwa tena. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja na mvi tayari.

Jumamosi nilikwenda kwake. Kobe ni fundi saa; meza yake ameikata miguu ilingane na kiti chake cha magurudumu. Nilimweleza yote, samaki, daftari, ndoo. Aliendelea kukaza skrubu, redio ikiimba mezani.

"Kwa hiyo umefundishwa adabu na dagaa," akasema.

"Nimekuja kuomba msamaha, Kobe."

"Baba nilishamsamehe. Yeye alikuwa anapiga tu." Akaweka bisibisi chini. "Wewe ndiye niliyekuamini, dada. Ulikuwa mkubwa, una akili za shule. Nikajua basi, ni uvivu. Mpaka leo nikishindwa kupanda kitandani najigombeza, acha kudeka wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hili nilikuwa na neno moja tu, lile ambalo baba alipaswa kulisikia kwangu pale ngazini.

"Hukuwa mvivu," nikamwambia. "Miguu ilikuwa haisikii."

Kobe alinyoosha mkono, akaizima redio.

"Hebu rudia," akasema.