Mtu wa Kusimama Nyuma ya Trela

Mume wangu Kipruto ni mtu wa kelele. Dukani kwake Kitale, anakouza mbegu na vyakula vya mifugo, utamsikia kabla hujamwona, akitaniana na wateja na kubishana na redio. Lakini mfikishe nyumbani kwetu Bumula, umwonyeshe mama yangu kwa mbali, na kelele zote zinakauka. Anakuwa mtu wa kutazama viatu vyake.

Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani ovyo. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mjomba Wabwile, Mungu amrehemu, ambaye siku ya harusi yetu alimvuta Kipruto kando akamweleza hayo yote kwa ukali. Kipruto ni Mkalenjin. Kwao pia wakwe wanaheshimiwa, ila si kwa namna hii yetu, na kwa kuwa aliogopa kukosea akaishika desturi kuliko sisi wenyewe. Waume wa binamu zangu humsalimia mama wakiwa mbali na kumtupia utani mmoja wawili. Huyu wangu, mama akiwa uani, hupita katikati ya mahindi ili afike chooni, arudi na umande mpaka magotini.

Kazi ya kuongea ikabaki kwangu. Mama yuko jikoni, Kipruto yuko nje ya dirisha la jikoni, wanasikiana vizuri kabisa. "Mwambie mama chai ilikuwa tamu." Namgeukia mama. "Mwambie nashukuru." Nageuka tena. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaanza kupandwa na hasira, kwa sababu nina mdomo mmoja tu nao una kazi zake.

Mwaka huu mama alianguka akitoka kisimani, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga lakini vibaya. Sasa anatembea na fimbo, na daktari ametukataza katakata kumwacha aishi peke yake. Mimi ndiye mtoto aliye karibu, kwa hiyo nikamwomba aje Kitale. Chumba cha Ian, mwanangu aliye shule ya bweni, kinakaa bure. Mama alikubali vitu vyake vibebwe. Kuhusu yeye mwenyewe alisema, "Vitu viende kwanza. Mimi nitaona."

Nilijua ni nini kinamshika, maana alikuwa ameniambia. "Huyo mtu wako hajaniangalia tangu akuoe. Nikae kwake, kila asubuhi akiniona anageukia ukuta? Kama mtu ako na ugonjwa?"

"Ni heshima, mama."

"Heshima naijua, nilizaliwa ndani yake. Hii ni kitu ingine. Hanitaki."

Nikarudi kwa Kipruto, nikamsihi amtazame mama hata mara moja. Akaniuliza kama nataka ukoo mzima umfukuze. Nimewaeleza hao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka nikachoka, na hakuna aliyeniamini. Mama akikataa kuja, nilikuwa nimeshajua kitakachofuata. Angeanguka tena, na safari hii hakungekuwa na mtu wa kusikia.

Tulienda kuchukua vitu vyake siku ya Jumamosi. Gari letu ni Vitz, kagari kadogo ambako ukipanda na gunia moja la mahindi kanapiga goti. Lakini Kipruto ana trela ndogo ya magurudumu mawili aliyochomelewa na mafundi wa mjini kwa ajili ya kubebea vyakula vya mifugo, na haikuwa na taa. Kwa safari ya mbali alizifunga mwenyewe: taa mbili za nyuma, waya chini ya bodi, plagi ya kuunganishia na gari, na kisanduku cha relei ili umeme wa trela usiunguze nyaya nyembamba za Vitz. Alijaribu zikawaka zote. Kisha akaiangalia trela yake, akaona kutu, akaona aibu. Angeipelekaje kwa mama mkwe ikiwa hivyo? Akazifungua taa, akaipaka trela rangi ya buluu, kila chuma, kila pembe, makoti mawili. Asubuhi ile akazirudisha taa haraka haraka, na tukashuka.

Pale Kimilili dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu alitupigia honi, akatoa kichwa nje. "Bana, hiyo trela yako haina breki! Taa zimelala!"

Tulifika Bumula, tukapakia kitanda cha mama, kabati, masufuria na magunia mawili ya maharagwe. Mama alikaa kwenye kigoda barazani, mkoba wake mapajani, hakusema anakuja wala hakusema anabaki. Kipruto akamaliza kufunga kamba, akaingia kwenye gari kujaribu taa. Sasa taa za nyuma huwezi kuzijaribu peke yako. Mmoja anakanyaga breki, mwingine anasimama nyuma na kusema kinachowaka.

"Mama Ian!" akaita. "Kuja usimame nyuma uniambie!"

Nilikuwa jikoni nikifunga vikombe kwenye magazeti. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa na kikombe mkononi na hasira ya miaka kifuani, na nikaamua kwamba leo mimi sisikii.

"Mama Ian! Si ukuje, bana!"

Nikatulia tuli. Kwa dirisha nikaona mama amegeuza kichwa kuelekea jikoni, akangoja, akaguna. Kisha akajiinua kwa fimbo, akashuka barazani hatua kwa hatua, akaenda kusimama nyuma ya trela. Vitu vilikuwa vimepakiwa juu kiasi kwamba Kipruto hakuweza kumwona kwenye kioo. Alisikia tu kwamba mtu amefika.

"Haya. Kushoto!"

"Imewaka," mama akasema.

Nilimwona Kipruto akikauka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akatazama mbele kwenye ua wa jirani, kana kwamba amesimamishwa na polisi. Kuku akapita.

"Si uendelee," mama akasema. "Ama unangoja niketi chini?"

"Kulia," akasema Kipruto. Sauti ilitoka nyembamba. Halafu, pole pole, akaongeza, "Mama."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo akiwa anamsemesha yeye. Mimi nilikaa juu ya gunia tupu na kikombe changu.

"Ya kulia inawaka kidogo. Lakini hata ya kushoto inapepesa. Zinafanya pamoja."

"Na sasa? Nimekanyaga breki."

"Hakuna breki hapo. Zote zimefifia, kama koroboi imeisha mafuta."

Kipruto alilazimika kutoka aje aone. Na hapo nikashuhudia jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu bila kucheka. Alishuka, akaja nyuma kwa upande wa kulia, macho chini. Mama akasikia nyayo, akapinduka na fimbo yake, akapita upande wa kushoto kwenda mbele. Kipruto akakumbuka ameacha kisu chake garini, akarudi mbele kwa kushoto. Mama akageuka, akarudi nyuma kwa kulia. Waliizunguka trela hiyo watu wazima wawili, mmoja akichechemea, hakuna anayemwona mwenzake. Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, maana mama alikuwa anakunja uso kwa maumivu kila alipogeuka.

Kipruto alimwona. Sijui alimwona vipi na macho yake chini, labda aliiona fimbo inavyotetemeka. Alisimama. "Mama, usizunguke tena. Utaumia. Keti ndani ya gari, mimi nitaingia chini."

Mama akafungua mlango wa dereva, akakaa. Kipruto akalala chali chini ya trela, akaanza kufuata waya kwa vidole. Alifika mwisho wa ule mweupe unaorudisha umeme kwenye chuma, pale alipoufunga kwa bolti. Halafu nikamsikia akijitukana kwa Kikalenjin. Alikuwa ameufunga juu ya rangi. Chuma kilikuwa huko ndani, chini ya makoti mawili, na waya haukukigusa vizuri. Akaanza kukwangua kwa kisu, rangi yake nzuri ya buluu ikimwangukia shingoni, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akaikaza bolti upya.

"Mama, kanyaga breki."

"Ni gani?"

"Ile pana, ya katikati. Kwa mguu wa kulia."

Upande wa kulia ndio uliovunjika nyonga. Mama alikanyaga, na taa mbili za trela zikawaka nyekundu kabisa, nikaziona hata mimi mchana ule kutoka jikoni.

"Imewaka?"

"Imewaka sana! Inatosha mama, achilia."

Hakuachilia. Alikaa vile vile, uso mbele, mguu mbovu umekanyaga. "Baba Ian," akasema. "Mimi nilikukosea wapi?"

Miguu ya Kipruto, iliyokuwa imeanza kutoka chini ya trela, ikarudi ndani.

"Miaka yote hii hujaniangalia. Hata mbwa akiingia hapa unamwangalia. Kama ni chuki, niambie leo, nikae kwangu, nianguke kwangu. Sitakasirika."

"Chuki?" Sauti ya Kipruto ilipasuka. "Mama, niliambiwa nikikuangalia ni kama nimekuvua nguo mbele ya watu. Ati hata watoto wangu watapata laana. Niliogopa."

"Ni nani alikuambia?"

"Mjomba Wabwile."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Wabwile. Na alikuambia inapunguzwa lini?"

"Inapunguzwa?"

"Mtoto wa kwanza akizaliwa, unaniletea blanketi, tunasalimiana kwa mbali, inakuwa nyepesi. Ulileta blanketi. Mimi nikangoja usalimie." Akaiweka fimbo yake mapajani. "Nililala na hiyo blanketi nikijiuliza huyu mtu alileta ya nini."

Hicho kipande cha mwisho cha desturi hata mimi sikuwa nimeambiwa. Niliweka kikombe chini, nikasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenituma kumwambia mwenzake neno.

"Toka huko chini," mama akasema.

Kipruto alitoka, amejaa vumbi na unga wa rangi, akaja akasimama karibu na mlango wa gari. Kidevu kilikuwa kifuani.

"Mimi ndiye mkwe mwenyewe, na mimi ndiye nasema. Niangalie."

Aliinua uso. Ilimchukua muda, kama mtu anayenyanyua kitu kizito, lakini aliuinua. Mama naye alimkazia macho. Nilimwona mume wangu akimwona mama yangu: nywele nyeupe zilizotoka kwenye kitambaa, kovu la jicho, mashavu yaliyoingia ndani tangu aanguke. Alikuwa akimtazama mtu aliyezeeka bila yeye kumwona akizeeka, na machozi yakamtoka mbele yetu wala hakuyafuta.

"Basi ndiyo hii sura," mama akasema. "Sio nzuri. Asubuhi inakuwa mbaya zaidi. Kama nitakuja, utakuwa ukiiona kila siku. Utaweza?"

Yule mtu wa kelele akafuta kiganja kwenye suruali, akakinyoosha ndani ya gari, kikiwa bado kina grisi. Mama alikitazama kile kiganja, kisha akakishika kwa mikono yake yote miwili, akajivuta nacho mpaka akasimama. Walizunguka mbele ya gari wameshikana hivyo, pole pole, mpaka upande wa abiria.

"Twende sasa," mama akasema, akikaa kiti cha mbele. "Twende kabla sijaogopa tena."