Makali Meupe

Mwindaji aliingia karakana ya mhunzi bila hodi, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwikoni, akakibwaga kisu juu ya fuawe. Makali yalikuwa yamejikunja kama bati.

"Nafika kwenye kiungo cha paja la nguruwe, kisu kinalala! Mkono ukateleza. Hiki ni kisu au kijiko?"

Mhunzi alifura. Kisu kilikuwa na chapa ya marehemu baba yake, na kisu chenye chapa ile hakikuwahi kurudishwa na mteja. "Umekitumia kama mtaimbo, halafu unakuja kunitukana kwangu?"

"Nakata na visu vya baba yako tangu sijaota ndevu. Usinifundishe kukata."

Shemeji mtu, kaka wa mke wa mhunzi, akacheka kutoka kwenye jiwe la kunolea. "Mtu akijikata, lawama kwa kisu."

Mhunzi akakitumbukiza kisu kwenye kopo la siki ili amuumbue mwindaji. Visu vyao vilikuwa vya tabaka tatu, chuma kigumu katikati, chuma laini kimekikumbatia huku na huku. Siki hukitia weusi kile kigumu, laini kikabaki cheupe. Kisu kikiwa sawa, weusi hufuata makali kutoka mpinini hadi nchani.

Akakipangusa, akakigeuza kwenye mwanga. Weusi ulifika tumboni mwa kisu ukakimbilia ubavuni. Makali yenyewe yalikuwa meupe, chuma laini cha misumari.

"Shemeji, ulinoa upande mmoja."

"Kulikuwa na kovu la nyundo. Nikalisugua mpaka likaisha. Si ulitaka king'ae?"

"King'ae? Mimi nauza vioo? Umesugua mpaka umekiacha kile kigumu pembeni, mjinga wewe! Mtu angekufa porini!"

"Usinipandishie sauti, bwana. Chapa nilipiga mimi?"

Baba yake mhunzi alikuwa akipiga chapa mwisho kabisa, baada ya siki, maana ubavu laini hukubali chapa hata kisu kikishachovywa majini na kukomaa. Mhunzi alikuwa ameona uvivu. Siku hizi alipiga chapa kwanza, na siki akaiacha kabisa.

Hasira zikakosa pa kwenda. Akazoa visu vyote ukutani, akavichovya kimoja kimoja mbele ya mwindaji. Vyenye makali meupe alivibana kwenye jiliwa akavipinda, kila kimoja kwa tusi lake, na mengine alijitukana mwenyewe. Vilivyo sawa akavifuta chapa kwa tupa, vyote.

Akamkabidhi mwindaji kimoja.

"Mbona hakina chapa?"

"Kakate nacho kwanza," mhunzi akafoka. "Kikikufaa, ukirudi nitakipiga chapa. Na wewe shemeji, toka kwenye hilo jiwe!"