Kidari cha Mzee Ghanim

Wajukuu zangu wakiiona picha ya baba yangu ukutani huniuliza huyu mzee aliyekunja uso hivi alikuwa nani. Nawaambia huyo ni Melkiori, na hicho si kisirani, Wachaga wa zamani ndivyo walivyopiga picha. Halafu nawasimulia habari ya maonyesho ya Mnazi Mmoja. Wameshaisikia mara nyingi, wengine huguna. Wagune tu! Mimi Candida sijawahi kunyamazishwa na mguno.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Tulikaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baba aliuza vitunguu na maharage kwa jumla, magunia yamepangwa mpaka mlangoni, na mama yangu Josepha ndiye aliyekaa kwenye mizani. Ukuta kwa ukuta nasi lilikuwa duka la Bwana Nasor, Mwarabu, muuza tende na bizari. Baba yake, Mzee Ghanim, alishinda barazani kutwa na fimbo yake, akijua nani kapita, nani kadanganya na nani hakuamkia. Ukimpita bila shikamoo, mtaa mzima ulipata habari zako kabla ya adhuhuri.

Ugomvi hatukuwa nao. Lakini Kariakoo ya siku zile ilituona sisi watu wa mlimani kuwa tumekuja kuuza na kuondoka. "Wachaga? Dini yao senti," walisema, wakicheka. Baba alicheka nao pale dukani, kisha akaingia ndani na chakula kikamshinda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na hasira za watu wawili. Nilitamani kuwajibu wote, mmoja mmoja, kwa zamu.

Basi ikatangazwa kwamba kutakuwa na maonyesho Mnazi Mmoja, na kila mwenye jambo lake la kuonyesha atapewa banda. Wasusi, wahunzi, wapishi, wenye ngoma. Baba akavaa koti lake la harusi akaenda kuomba. Karani akamwuliza, "Wewe unaonyesha nini, vitunguu?"

"Vitunguu wanavijua," baba akamjibu. "Nataka wajue nyumba yangu inaamini nini."

Lo! Neno lile lilizunguka mtaa upesi kuliko moto wa makuti. Asubuhi yake Mzee Ghanim akamwita kutoka barazani. "Melkiori! Nasikia umekuwa padri."

"Shikamoo mzee. Padri ana kanzu, mimi nina magunia. Lakini njoo Jumamosi, ukae, unisikilize mpaka mwisho. Sikuombi lingine."

"Marahaba. Na nikikaa, utanilisha?"

"Mzee! Mgeni wa Mchaga arudi na njaa?"

"Basi tutakuja. Mimi, Nasor, na wenzangu wa baraza."

Tangu siku ile baba hakutulia. Alijua, na sisi tulijua, kwamba Mzee Ghanim akikaa kwenye benchi, Kariakoo yote imekaa. Na akiinuka, yote imeinuka. Miaka sita baba alikuwa ameishi mtaa ule akiitwa mtu wa senti, sasa alipata siku moja ya kusema yeye ni nani.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Mimi na mama tungeimba, kisha baba angesimulia habari ya babu. Babu huyo, mwaka wa njaa, alikuta ndama wa jirani amepotea ndani ya migomba yake. Watoto wanalia njaa, kisu kiko kiunoni, jirani hajui ndama alipokwenda. Lakini babu alikuwa amebatizwa mwezi ule ule, akamrudisha ndama. Baba alimalizia hivi kila mara: "Hakuna aliyemwona, lakini alionwa." Nilisikia maneno hayo mpaka yakanitoka puani. Wiki ya pili nilikuwa nikimwigiza mdomo nyuma ya mgongo wake, na mama akinifinya.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo tulipojikwaa. Kwetu mlimani mgeni mkubwa halishwi nyama ya kununua. Mwenye nyumba anamchinjia mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifua, kinatengwa kwa ajili yake peke yake. Kumpa nyama ya buchani ni kumwambia hukuwa na habari naye. Basi Jumamosi asubuhi baba alichinja beberu uani kwetu, akiimba, mikono imekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Mama anamenya ndizi, mimi nachochea moto. Watu wazima watatu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Mtaniuliza ilikuwaje. Siku zote nyama yetu ilitoka bucha la Seifu, Mwislamu aliyechinja kwa utaratibu wao, ndiyo maana jamaa za Nasor walikula kwetu bila kuuliza neno. Swali la nani kachinja lilikuwa halijawahi kuingia uani kwetu.

Mnazi Mmoja ilikuwa imefurika. Banda letu lilikuwa la makuti, tumetandika kitambaa cheupe mezani, tukaweka msalaba alioutengeneza baba mwenyewe na picha ya Bikira Maria. Benchi nne za kuazima. Asubuhi nzima watu walichungulia, wakasema "Ah, hapa kanisani," wakaenda zao kwenye ngoma. Baba alisimama mlangoni ndani ya koti la harusi, anavuja jasho, anasema karibuni, karibuni. Niliona uchungu, jamani. Nilitaka kuwavuta watu kwa mashati.

Baada ya adhuhuri fimbo ikasikika. Mzee Ghanim huyo, Nasor ubavuni, na wazee sita wa baraza nyuma. Watu walipoona kule anakoelekea nao wakafuata. Benchi zikajaa, wengine wakasimama, na kwenye banda la wasusi watu wakaanza kuuliza kuna nini kwa Wachaga. Mama alinitazama, nami nikamtazama, tukashindwa hata kutabasamu kwa furaha.

Tukapitisha birika watu wakanawa. Nikagawa sahani za ndizi na nyama. Kidari baba alikileta mwenyewe kwa mikono miwili.

"Mzee, hiki ni chako peke yako. Kwetu hakuna heshima inayozidi hii."

"Mungu akuzidishie," Mzee Ghanim akasema. Akamega kipande. "Bismillahi."

Hapo nilimwona baba amebadilika rangi. Kipande kilikuwa kimefika kidevuni pa mzee.

"Mzee, usile! Msile, jamani, hata mmoja!" Sauti yake ilikwaruza. "Mbuzi huyu nimemchinja mimi. Nilitaka kuwaheshimu kama kwetu, sikufikiri. Si halali kwenu. Nisameheni."

Mzee Ghanim akarudisha kipande sahanini, taratibu, akafuta vidole. Nyuma mtu mmoja akaruka, "Alitaka kutulisha haramu huyu!" Mwingine akasukuma sahani ikaanguka. Nasor alisimama, uso umemshuka. "Melkiori, na ujirani wote ule?" Mzee Ghanim akashika fimbo yake, akainuka, akatoka bila kumtazama mtu. Na kama nilivyowaambia, alipoinuka yeye, wote waliinuka.

Zikabaki benchi nne tupu na sahani zinazofuka moshi.

Mimi nilipasuka. "Baba! Nani angejua? Niambie, nani? Wangekula, tungeimba, ungesema maneno yako, wangekwenda kwao wameshiba! Wiki tatu, baba! Umetuaibisha mbele ya Dar es Salaam nzima!"

Ndiyo, nilimwambia baba yangu hivyo. Siku zile binti kusema vile mbele ya baba yake ilikuwa kutafuta kofi. Baba hakunipiga. Aliketi kwenye benchi akatazama mikono yake.

Mama alikuwa ameinama anaokota sahani. Akasema polepole, "Hakuna aliyemwona." Hakumalizia.

Mwili mzima uliniwaka kwa aibu. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale mara mia, nikayaigiza, nikayacheka, na siku yalipotendwa mbele ya macho yangu mimi ndiye nisiyeyajua. Nikamwendea baba nikapiga magoti. Akaniwekea mkono kichwani.

Nilianza kukunja kitambaa. "Kiache," baba akasema. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Banda ni letu mpaka jioni. Tutakaa." Basi tukakaa, watatu tu, watu wanapita wakitunyooshea vidole.

Watu walipotoka kusali alasiri, nikaisikia fimbo tena. Nilidhani masikio yananidanganya. Alikuwa Mzee Ghanim, na Nasor nyuma yake amebeba kikapu cha tende na dele la kahawa. Wazee sita nao walikuwepo, na yule aliyepiga kelele za haramu pia alikuwepo, macho chini.

"Shikamoo mzee," tukasema wote.

"Marahaba." Akaketi palepale alipokuwa ameketi mwanzo, fimbo katikati ya magoti.

"Melkiori. Watu walikuwa wamejaa hapa. Jambo lako lilikuwa linakwenda vizuri. Mimi nimeshasema bismillahi, nyama inakaribia mdomo. Ungenyamaza tu."

"Ndiyo, mzee. Ningenyamaza."

"Na hukunyamaza. Kwa nini?"

Baba alifungua kinywa, akafunga. Mtu wa mazoezi wiki tatu! Mwishowe akasema, "Mzee, hiyo ndiyo habari yenyewe niliyokuitia."

"Haya. Umenipa kidari, ukaninyang'anya. Sasa nipe hicho ulichoniitia. Nimekaa."

Nasor akamimina kahawa. Baba akaanza: mwaka wa njaa, babu, ndama, migomba. Siku hiyo hakusema kama kwenye mazoezi. Alikuwa akisimama katikati ya neno, kisha anaendelea. Watu walizidi kuja, banda likajaa mpaka nje kwenye jua. Alipofika mwisho sauti ilimkatika kabisa, akabaki ametazama juu ya makuti. Nikasimama mimi, bila kuambiwa, nikasema kwa sauti yangu yote:

"Hakuna aliyemwona, lakini alionwa!"

Mzee Ghanim akagonga fimbo chini. "Hilo ni kweli. Mwenyezi Mungu anaona." Kisha tukaimba, mimi na mama, na nilimwona baba amesimama wima ndani ya koti lile, na moyo ukanijaa hata nikaukosea ubeti wa pili. Nani alijali? Mimi ni binti Melkiori, nilijisemea, mimi ni binti wa mtu huyu.

Mzee Ghanim alikufa Mwislamu, baba akafa Mkristo, na hakuna aliyemwomba mwenzake ahame. Ila kabla ya maonyesho yale wateja walikuwa na mtindo wao. Wakishapimiwa vitunguu kwetu, walivuka kwa jirani kuvipima tena, kwa kuwa Mchaga ni mtu wa senti. Wiki ile ile mama mmoja alitoka na kapu lake, akasogea mpaka barazani kwa Nasor kuomba mizani. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshaanza kuvimba.

Fimbo ya Mzee Ghanim ikamzuia njiani.

"Mama, rudi nyumbani ukapike," akamwambia. "Kwa Melkiori hapapimwi mara mbili."